Mali Bila Daftari: Kiwanda cha Magari Huanza na Taarifa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka ya Mwanga na wanunuzi wa dagaa wa Kibirizi. Katika mazungumzo ya wiki hii ningependa tuipeleke mahali ambapo pengine hukutegemea kuikuta, yaani kwenye kiwanda cha magari.

Najua yupo msomaji wa hapa Buzebazeba atakayeuliza: sisi na kiwanda cha magari wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Kigoma haina kiwanda cha magari. Lakini magari tunayo, na mafundi tunao, na kila fundi wa gereji anaijua adha ya spea. Anaagiza kifaa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Kifaa kinafika, anakifungua, anakuta sicho. Namba ilisomwa vibaya, au mwenye duka alidhani magari ya mwaka huu na ya mwaka uliofuata yanatumia kifaa kimoja. Gari linabaki juu ya mawe, mwenye gari anakosa riziki, na fundi anaonekana mwongo. Ukichunguza sana utaona kwamba chuma hakikuwa na kosa. Kilichokosewa ni taarifa kuhusu chuma hicho.

Sasa fikiria kosa la namna hiyo ndani ya kiwanda kinachotoa gari moja kila baada ya dakika moja au mbili. Gari moja, ukihesabu hadi skrubu ya mwisho, lina sehemu zipatazo 30,000. Nyingi hazitengenezwi na kiwanda chenyewe. Hutoka kwa wauzaji mamia kadhaa. Taa inatoka huku, kioo kule, viti kwingine. Ikikosekana sehemu moja, hizo nyingine zote ni mzigo tu. Ndiyo maana viwanda vikubwa vina kazi maalumu ambayo wataalamu huiita kupanga mkakati wa mifumo ya taarifa. Jina ni refu, lakini maana yake si ngumu. Kampuni inakaa chini na kuamua mapema nani anatakiwa kujua nini, ajue lini, aambiwe na nani, na taarifa hiyo itunzwe wapi. Kompyuta huja baada ya hapo.

Watu wa Kigoma tunao mfano wetu, na ni wa zamani kuliko kompyuta yoyote. Meli ya Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Baada ya kujengwa ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa reli kuja Kigoma. Hapa iliunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Tuyatafakari masanduku yale 5,000. Mafundi walijua kupiga ribiti, hilo halina shaka. Lakini ufundi huo ungewasaidia nini kama hawakujua bamba gani liko katika sanduku gani, na lipi linatangulia lipi? Kazi ya kuunganisha chombo kutoka katika masanduku ni kazi ya orodha kwanza, nyundo baadaye. Na ndivyo hasa viwanda vingi vya magari vya Afrika Mashariki vinavyofanya kazi hadi leo: magari huletwa katika makasha yakiwa vipande, na kuunganishwa hapa.

Hebu tuone wenzetu waliotangulia walijifunza nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota ya Japani haikuwa na fedha za kujaza maghala. Mhandisi wake, Taiichi Ohno, alitazama jinsi maduka makubwa ya Marekani yanavyofanya: mteja huchukua bidhaa kwenye rafu, na mwenye duka hujaza pale tu palipopungua. Akaleta wazo hilo kiwandani kwa kutumia kadi, ambazo kwa Kijapani huitwa kanban. Mfanyakazi akichukua kasha la vifaa, kadi iliyobandikwa kwenye kasha hurudishwa kwa mtengenezaji. Kadi hiyo ndiyo oda. Inasema kifaa gani, kiasi gani, kipelekwe wapi. Kama hakuna kadi, hakuna kutengeneza.

Tuzingatie jambo hilo. Mfumo wa taarifa ulioifanya Toyota isifike duniani kote ulianza na kipande cha karatasi. Thamani yake ilitokana na mtu aliyekaa akafikiri ni taarifa ipi inayohitajika, na nani anaihitaji. Mpaka leo wapo wakubwa wa mashirika wanaodhani kwamba wakinunua kompyuta mia wamekwisha kupata mpango. Hao wamenunua jembe kabla ya kujua shamba liko wapi.

Mfano wa pili ni wa Ford ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ofisi yake ya kulipa wauzaji wa vifaa katika Amerika ya Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500. Kazi yao kubwa ilikuwa kulinganisha karatasi tatu: hati ya kuagiza, hati ya kupokelea mzigo, na ankara ya muuzaji. Zikipatana, muuzaji analipwa. Zisipopatana, barua zinaanza kwenda na kurudi, na malipo yanasubiri. Wakuu wa Ford walifikiri kwamba kwa kuleta kompyuta wangeweza kupunguza watu hao wakabaki 400. Kisha wakatazama Mazda, kampuni ambayo Ford ilikuwa na hisa ndani yake, wakakuta kazi hiyohiyo inafanywa na watu 5.

Ni kweli Mazda ilikuwa ndogo, lakini si ndogo kiasi hicho. Ford wakaona kwamba tatizo halikuwa mwendo wa makarani. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ilipangwa vibaya. Wakaibadili. Oda ikaingizwa katika kompyuta ambayo hata karani wa getini anaiona. Mzigo ukifika, karani anatazama: je, tuliuagiza? Kama ndiyo, anaupokea na malipo yanaandaliwa. Kama siyo, lori linageuza. Ankara haikuhitajika tena. Watu wa kazi hiyo wakapungua kwa robo tatu. Kisa hiki kiliandikwa mwaka 1990 na Michael Hammer, na kimefundishwa vyuoni tangu hapo. Somo lake ni kwamba ukiipa kompyuta kazi iliyopangwa ovyo, itaifanya ovyo kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo mpango huu hutengenezwaje? Ukiondoa maneno makubwa ya wataalamu, unabaki na maswali matano.

Swali la kwanza ni la biashara: kiwanda kinataka nini? Kuuza magari mengi ya bei nafuu, au machache ya agizo maalumu? Volkswagen ilipofungua kiwanda chake Kigali mwaka 2018, haikupanga kuuza magari peke yake. Ilianzisha pia huduma ya kuita gari kwa simu ya mkononi. Anayeuza safari anahitaji kujua gari liko wapi saa hii, nani amelipanda na amelipa kiasi gani. Anayeuza gari tu hayahitaji hayo. Lengo la biashara likibadilika, daftari nalo hubadilika.

Swali la pili: kazi zinapita wapi? Hapa huchorwa safari nzima, kutoka mteja anapotoa oda, kifaa kinapoagizwa, kinapopokelewa, gari linapounganishwa na kukaguliwa, hadi linapouzwa na kurudi gereji kwa matengenezo.

Swali la tatu: kila taarifa ni ya nani? Kama bohari ina orodha yake ya vifaa, uhasibu una yake na mauzo wana yao, zote tatu zitatofautiana na hakuna atakayejua iliyo sahihi. Kifaa kiwe na namba moja, na awepo mmoja mwenye dhamana ya kuibadili.

Swali la nne: kipi kianze? Fedha hazitoshi kufanya yote mara moja. Kiwanda kichanga huanza na bohari na ununuzi, kwa sababu hapo ndipo fedha hulala au kuvuja. Mambo ya urembo yanaweza kusubiri.

Swali la tano: siku mfumo ukilala, tutafanya nini? Swali hili wengi hulisahau, na gharama yake ni kubwa.

Mwezi Machi mwaka 2022, Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa siku nzima. Hakuna moto uliowaka wala tetemeko lililopiga. Wahalifu walikuwa wameingilia kompyuta za kampuni ya Kojima, muuzaji wake mmoja wa vifaa vya plastiki. Oda zikashindwa kwenda, na kiasi cha magari 13,000 hayakutengenezwa siku hiyo. Mwaka uliofuata, Agosti 2023, viwanda hivyo 14 vilisimama tena. Safari hii hapakuwa na mhalifu. Wakati wa matengenezo ya kawaida, nafasi ya kuhifadhia taarifa ilijaa na mfumo wa oda ukagoma. Mfumo wa akiba nao ukagoma, kwa kuwa ulikuwa umefungwa namna ileile. Kwa lugha ya nyumbani, kabati lilijaa, na kabati la akiba lilikuwa pacha wake.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya Uingereza. Kampuni ya Jaguar Land Rover ilivamiwa mwanzoni mwa Septemba, ikazima kompyuta zake, na viwanda vyake vikakaa bila kutoa gari hadi Oktoba. Wachunguzi wa huko walikadiria hasara kwa uchumi wa nchi kuwa pauni bilioni 1.9. Miongoni mwa walioumia ni wauzaji wadogo wa vifaa, ambao kompyuta zao zilikuwa salama kabisa lakini mteja wao alikuwa hawezi hata kuwaandikia oda.

Lipo jambo jingine la kujifunza, nalo ni nani ashike daftari. General Motors ya Marekani mwaka 1984 ilinunua kampuni nzima ya kompyuta, iliyoitwa EDS, kwa dola bilioni 2.5, ili iangalie mifumo yake. Mwaka 1996 ikaiachia ijitegemee, lakini ikaendelea kuilipa kwa kazi. Kufikia mwaka 2012 takribani asilimia 90 ya kazi za kompyuta za General Motors zilifanywa na watu wa nje. Mkuu wake mpya wa mifumo, Randy Mott, akaamua kugeuza mambo, kazi hizo zirudi mikononi mwa waajiriwa wa kampuni. Kumwajiri mgeni akusaidie si vibaya. Lakini duka ambalo mwenyewe hawezi kulisoma daftari lake limekwisha kuwa la mwingine.

Baada ya safari hiyo ndefu turudi nyumbani Afrika Mashariki.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer lilioneshwa hadharani, na watu wakashangilia. Yalikuwa magari ya mfano matano. Fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukaishia hapo. Wakati huohuo, jijini Nairobi kilikuwapo kiwanda cha General Motors kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Chenyewe hakikubuni gari; kilipokea makasha na kuunganisha malori na mabasi. Lakini kimedumu.

Sisemi hayo ili kuwabeza wahandisi wa Nyayo. Walithibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuunda gari. Ninachosema ni kwamba kuunda gari moja na kuzalisha magari elfu moja ni kazi mbili tofauti. Gari moja fundi hodari anaweza kulibeba kichwani mwake: anajua kila kifaa alikitoa wapi. Magari elfu hakuna kichwa kinachoweza kuyabeba. Hapo ndipo mtaji mkubwa unapohitajika, na mtaji bila daftari ndio ule ule wa methali yetu.

Sisi Watanzania tunalo Shirika la Nyumbu, pale Kibaha, lililo chini ya Jeshi la Wananchi, ambalo limekuwa likibuni magari tangu miaka ya 1980. Hapohapo Kibaha ndipo TAMCO ilipokuwa ikiunganisha malori ya Scania. Waganda wana Kiira: gari lao la kwanza la umeme lilitembea mwaka 2011, basi la Kayoola linalosaidiwa na jua likafuata mwaka 2016, na kiwanda chao kikapangiwa Jinja. Magari ya umeme yanalifanya jambo letu kuwa zito zaidi, maana betri yake inasimamiwa na programu tangu linapowashwa hadi linapolala. Anayetengeneza gari la namna hiyo anatengeneza kompyuta yenye magurudumu.

Kwa hiyo, viongozi wetu wanapokwenda kuweka jiwe la msingi la kiwanda, waandishi wa habari tusiishie kuuliza kiwanda kitatoa magari mangapi. Tuulize pia: orodha ya vifaa vyenu iko wapi? Nani anaimiliki? Mfumo ukizimika, mtafanya kazi kwa karatasi kwa siku ngapi? Vijana wetu wamefundishwa kuuendesha, au ufunguo umebaki na mtaalamu mgeni? Kiwanda kisichoweza kujibu maswali hayo kitakula fedha za umma huku magari yakisubiri taa za nyuma.

Mwisho, tumrudie yule msomaji wa Buzebazeba aliyeuliza yeye anahusikaje. Anahusika kwa uhai wake. Gari alilonunua limepata kuwa katika daftari la kiwanda huko Japani, kwa namba yake ya chesisi. Kwa namba hiyo kiwanda kinajua injini ipi ilifungwa, lini, na vifaa vilitoka kwa nani. Kikigundua kasoro, huyaita magari yarudi yabadilishiwe kifaa bure. Ndivyo ilivyokuwa kwa mifuko ya usalama ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa katika mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na wengineo. Baadhi ya mifuko hiyo, badala ya kumkinga dereva, ilipasuka na kumrushia vipande vya chuma. Watu walikufa katika nchi mbalimbali, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Kilichoharibu baruti iliyokuwa ndani ni miaka mingi ya joto na unyevu, na sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunajua vyote viwili.

Barua ya kiwanda humwendea mwenye gari aliyeandikishwa. Gari linapopita mnadani, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam na kuletwa Kigoma, barua haina njia ya kulifuata. Lakini namba ya chesisi imebaki palepale kwenye chuma, na viwanda vikubwa vya Japani vina orodha katika intaneti ambapo mtu huandika namba hiyo na kuona kama gari lake liliitwa. Wengi wetu tuna kijana nyumbani mwenye simu anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kama unataka kununua gari, mtake muuzaji aifanye mbele yako kabla hujatoa fedha. Kama gari unalo tayari, usingoje. Ukikuta liliitwa na halikutengenezwa, nenda kwa wakala wa kampuni hiyo aliye nchini na namba hiyo mkononi. Na unapoagiza spea, mpe muuzaji namba ya chesisi yote, usimpe jina la gari na mwaka tu.

Namba ile iliyogongwa kwenye chuma ni mstari wako katika daftari la kiwanda. Wao waliuandika. Sisi ni juu yetu kuusoma.